Mahali pa Kusimama: Lenzi Pana na Filamu Jijini Nairobi

Mnara wa KICC, uliokamilika mwaka 1973 kwa michoro ya Karl Henrik Nøstvik wa Norwe na David Mutiso wa Kenya, una urefu wa meta 105, na mtu aliyesimama mbele yake na kamera yenye lenzi ya kawaida ya milimita 50, akaishika wima na sawasawa bila ya kuinamisha wala kuinua, hataupata mnara huo mzima katika picha mpaka arudi nyuma kiasi cha meta 287, ambako aghalabu miti na mabasi na majengo mengine yamekwisha kukaa baina yake na alichokikusudia. Akiivua lenzi hiyo na kutia ya milimita 28, meta 160 zitamtosha. Akitia ya 21, meta 120. Na akijaaliwa kuwa na ile ya milimita 15, atasimama meta 86 tu, na mnara utaingia wote tangu msingi hadi kilele, kuta zake zikiwa zimesimama kama walivyozisimamisha waashi, wala hazikuegemea nyuma kama zinavyoonekana katika picha za watu waliozielekeza kamera zao mbinguni kwa kukosa nafasi.

Hesabu hiyo haina uganga. Filamu ya milimita 35, ambayo kamera ya Leica iliieneza duniani tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1925, hupokea picha yenye upana wa milimita 36 na kimo cha 24, na kadiri lenzi inavyokuwa na milimita chache ndivyo inavyokusanya sehemu kubwa zaidi ya dunia na kuibana ndani ya kidirisha kile kile kidogo. Lenzi ya milimita 50 huona nyuzi 47 kutoka kona hadi kona. Ya 28 huona nyuzi 75. Ya 21 huona nyuzi 92, yaani imepita kidogo pembe mraba. Na ya 15 huona nyuzi 110, hata mpigapicha asiyekuwa na hadhari hurudi nyumbani na picha ya mnara, na mawingu, na ncha za viatu vyake mwenyewe. Wapenzi wa kamera huhesabu kuwa pana sana zile za milimita 21 kushuka chini. Zisichanganywe na zile ziitwazo jicho la samaki, ambazo huukunja kila mstari usiopita katikati; hizi tunazozinena zimekula kiapo kwamba mstari mnyofu utabaki mnyofu, na katika kiapo hicho ndimo yalimozaliwa matata yao yote.

Watengenezaji wamehangaika na matata hayo kwa zaidi ya karne. Mwaka 1900 kampuni ya Goerz ya Ujerumani ilitoa lenzi iliyoitwa Hypergon, iliyoona nyuzi zipatazo 135, lakini nuru yake ilikuwa nyingi mno katikati na haba mno pembezoni, hata ikabidi iwekewe mbele kigurudumu chenye umbo la nyota, kilichozungushwa kwa pumzi ya mpira uliobinywa mkononi, kikaizuia nuru ya katikati kwa muda huku kona zikijipatia haki yao. Mwaka 1954 Zeiss walitoa Biogon ya milimita 21, kazi ya Ludwig Bertele, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaja na Hologon ya milimita 15, iliyokazwa moja kwa moja katika kamera yake na yenye tundu moja tu lisilobadilika, f/8, mchana na usiku. Kwa zile kamera zenye kioo cha kuakisi ndani yake, ambacho huizuia lenzi isikaribie filamu, faraja ilitoka Ufaransa mwaka 1950, pale kampuni ya Angénieux ilipobuni lenzi za picha ambamo nuru hukunjwa na vioo vya mbele ili lenzi ikae mbali na filamu na bado ione upana. Yote hayo yalikuwa ghali, na mtu wa kawaida aliyasoma katika majarida tu, mpaka mwaka 1999, Wajapani wa kampuni ya Cosina walipofufua jina la zamani la Voigtländer na kuuza lenzi ndogo ya milimita 15, f/4.5, kwa bei ambayo karani mwenye subira angeweza kuidunduliza.

Lenzi hiyo ya mwaka 1999 ina mkasa unaoeleza kwa nini mpenda lenzi pana aghalabu huishia kuwa mpenda filamu pia. Nuru inayofika kwenye kona za picha hutoka kwa mshazari mkubwa, na sheria ya maumbile, isiyojua upendeleo, huipunguza kadiri mshazari unavyozidi: kwa lenzi ya 21 iliyoundwa kwa ulinganifu, kona hupata kiasi cha robo tu ya nuru ya katikati, na kwa ya 15 hupata karibu sehemu moja katika kumi, ingawa Mrusi Mikhail Rusinov alionyesha hila ya kupunguza hasara hiyo. Filamu huistahimili nuru ya mshazari kwa utulivu. Kona zitafifia, basi, na wengine wanazipenda zikiwa hivyo. Kamera ya dijitali haina utulivu huo. Vipokezi vyake vimepangwa kuitazama nuru inayotoka mbele yao moja kwa moja, na lenzi ile ndogo ilipofungwa kwenye kamera za dijitali pembe za picha zikageuka rangi ya zambarau, hata Cosina wakalazimika kuunda toleo la tatu mwaka 2015, kubwa na zito zaidi, ili kuondoa aibu hiyo. Mwenye toleo la kwanza, na akipenda udogo wake unaoingia mfuko wa shati, hana haja ya kulitupa. Arejee kwenye filamu tu.

Kuijaribu lenzi ni kazi ya insafu kuliko ya ufundi. Ukuta unaofaa kupita kuta zote jijini ni ule wa mawe ya kuchongwa, ambao mistari yake ya udongo wa saruji hukupa mizani isiyoweza kubishaniwa, na Nairobi, mji uliojengwa kwa mawe ya kijivu tangu enzi ya reli, haina uhaba wa kuta hizo. Mfano mmoja ni Kipande House ya mwaka 1913, pale Kenyatta Avenue, ambayo imepata jina lake kutokana na vitambulisho ambavyo serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kuvivaa shingoni. Mfano mwingine ni maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, yenye nguzo zake za mbele na simba wawili wa mawe, jirani kabisa na kuba tatu na minara miwili ya Msikiti wa Jamia. Kamera ikae juu ya stendi ya miguu mitatu, uso wake ukiwa sambamba na ukuta, kwani ukiteleza kwa nyuzi mbili tu utailaumu lenzi kwa dhambi iliyo yako. Piga kwa tundu lililo wazi kabisa, kisha kwa f/8, kisha kwa f/16, na kila unapopiga andika katika daftari, maana filamu haikumbuki lolote la namna hiyo kwa niaba yako.

Jambo la kwanza la kutazama ni kona nne, na kuzitazama kwa pamoja. Lenzi nyingi za zamani zimepita mikono mingi na huenda zimewahi kuanguka, na kioo kimoja cha ndani kikihama kwa unywele, kona tatu zitakuwa kali na ya nne itakuwa ukungu. Kasoro hiyo haiponi kwa kufunga tundu, wala muuzaji hatakutajia. Ndipo uigeuze kamera, jiwe lile lile lililokuwa kona ya kulia juu liangukie kona ya kushoto chini, na uone kama ukungu umelifuata jiwe au umeifuata lenzi. Baada ya hapo tazama kama mstari wa saruji ulio ukingoni umebaki mnyofu. Kufifia kwa nuru hupimwa vyema mwezi wa Julai, Nairobi inapofunikwa na wingu moja la kijivu lisilo na doa, ambalo wakazi hulinung'unikia na mpima lenzi hulishukuru. Halafu picha zikichapishwa kwa ukubwa mmoja, ziandikwe nambari kwa nyuma, na apewe mtu mwingine azipange kwa uzuri asijue ipi imetoka kwa lenzi ya bei kali. Nimeona watu wenye heshima zao wakichagua ile ya bei ya chini na kisha kukasirika.

Lakini majaribio yote ya ukutani hayagusi lawama kubwa zaidi ambayo lenzi hizi hutupiwa, nayo ni kwamba zinawanenepesha watu. Ni lawama ya kweli kwa macho. Watu wa harusi wakijipanga mbele ya sanamu ya Mzee Kenyatta, katika uwanja wa KICC, na mpigapicha akatumia lenzi ya 15 ili awapate wote, bibi na bwana walio katikati watatoka kama walivyoumbwa, ilhali shangazi aliyesimama ukingoni kabisa atatoka na kichwa kilichovutwa kuelekea kona, urefu wake ukiwa karibu mara moja na robo tatu ya upana wake. Na shangazi huyo, akiletewa picha, hatauliza habari za milimita. Watu husema lenzi imesema uongo. Mimi nadai kwamba lenzi imesema kweli, na aliyesimama pasipo mahali pake ni mtazamaji.

Kila picha ina nukta moja mbele yake ambapo jicho likiwekwa huiona dunia kwa pembe zile zile ambazo lenzi iliiona, na umbali wa nukta hiyo hupatikana kwa kuzidisha milimita za lenzi kwa mara ambazo picha imekuzwa. Chukua filamu iliyopigwa kwa lenzi ya 50, uikuze mara kumi iwe karatasi ya sentimita 36 kwa 24: mahali pake pa haki ni sentimita 50, ambazo ndizo takriban masafa ya mtu aliyeshika picha mikononi mwake, na hiyo ndiyo sababu lenzi ya 50 imepata sifa ya kuona kama jicho, sifa isiyo yake bali ya mikono yetu. Karatasi hiyo hiyo ikiwa ilipigwa kwa lenzi ya 15, mahali pake ni sentimita 15, na ni nani anayeitazama picha kwa pua? Ikuze basi iwe na upana wa meta moja, na mahali pa haki patakuwa kiasi cha sentimita 42. Simama hapo, fumba jicho moja, utazame katikati, na kichwa cha shangazi kitarudi kuwa kichwa, kwa sababu sasa unakitazama kwa mshazari ule ule ambao lenzi ilikitazama, na mshazari huo unakifupisha kilichorefushwa. Katika simu yenye kioo cha upana wa sentimita 15, nukta hiyo iko sentimita sita na ushei kutoka kwenye kioo, ambapo jicho la mtu mzima haliwezi kusoma hata jina lake. Hivyo picha za lenzi pana sana zinazotumwa kwa simu zimehukumiwa kuonekana zimepotoka milele, na hukumu hiyo imetolewa na ukubwa wa kioo.

Nenda sasa magharibi ya jiji. Barabara ya juu ya Nairobi, ile Expressway iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo, hukomea Westlands kwenye Waiyaki Way, na chini ya sakafu yake, kati ya safu za nguzo za zege, kuna mahali ambapo nuru na giza hukutana bila ya kuamkiana: juu ya kichwa zege iliyo karibu nyeusi, na pembeni anga la meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, lenye jua kali. Hapo lenzi pana hujulikana hulka yake, kwa kuwa pembe yake ni kubwa hata haiwezi kulikwepa jua, na lenzi dhaifu itatapakaza madoa ya nuru katika picha nzima. Hapo pia filamu ya rangi ya kawaida huonyesha ukarimu wake, ikiyahifadhi maelezo ya anga hata pale mpigapicha alipozidisha nuru, ilhali filamu ya slaidi haisamehi. Kanuni ya wazee ya jua kali, kwamba tundu liwe f/16 na muda uwe sawa na kasi ya filamu, hapa karibu na Ikweta inafanya kazi vizuri mchana. Ila ieleweke kwamba filamu ya 400 kwa f/8 itataka sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde, ambayo kamera nyingi za zamani hazina, kwa hiyo anayetaka f/8 achukue filamu ya 100.

Na f/8 anaitaka kwa sababu maalumu. Kwa tundu hilo, lenzi ya 15 ikiwekwa kwenye meta moja kasoro kidogo, kila kitu kuanzia nusu meta hadi upeo wa macho kitakuwa kikali, hapana haja ya kupima wala kuzungusha; lenzi ya 50 kwa tundu lilo hilo haianzi kukubali mpaka meta tano. Ukifika Kangemi asubuhi, kandokando ya barabara ambako mboga hupangwa juu ya magunia, utaona maana yake. Mafungu ya sukuma wiki yenye umande, yamefungwa kwa uzi wa mgomba, yako sentimita 50 kutoka kwenye lenzi na yanajaza nusu ya picha, mshipa mmoja mmoja wa jani ukionekana. Mkono wa mwenye mboga uko nyuma yake ukinyunyiza maji kwa kopo lililotobolewa. Na malori yanayoshuka kutoka Bonde la Ufa, ambayo ni makubwa kweli, yamekuwa vidude vidogo kwenye ukingo. Lenzi ya namna hii hukiheshimu kilicho karibu na kukipuuza kilicho mbali, na anayeitumia kwa kuogopa kusogea atapata picha tupu yenye lami nyingi.

Ila kusogea sentimita 50 na mtu kunataka adabu kwanza.

"Habari ya asubuhi, mama? Naomba kupiga picha ya mboga zako na mikono yako."

"Ni ya gazeti?"

"Hapana mama, ni ya kwangu tu, najifunza."

"Haya piga. Lakini si unionyeshe?"

Hapo ndipo mwenye filamu huona haya, kwa kuwa mgongo wa kamera yake hauna kitu cha kuonyesha. Dawa yake ni kuahidi nakala na kuileta, na kununua fungu moja la sukuma papo hapo pia kunasaidia.

Filamu yenyewe siku hizi haipatikani kila mtaa kama ilivyokuwa zama za wapigapicha wa Uhuru Park, waliompiga mteja Jumapili na kumwambia arudi juma lijalo kuchukua picha. Wenzao wa leo hubeba mashine ndogo ya kuchapisha na kumkabidhi mteja picha yake ingali na joto. Filamu nyingi huingia katika mizigo ya wasafiri, na msafiri aombe filamu zake zikaguliwe kwa mkono, kwani mashine mpya za viwanja vya ndege zinaweza kuziharibu. Filamu ya rangi hutaka kusafishwa kwa dawa ya joto la nyuzi 38, na kwa wengi hiyo ni kazi ya maabara. Ile nyeusi na nyeupe husafishwa jikoni kwa nyuzi 20, na hapa mkazi wa Nairobi ana neema ambayo ndugu yake wa Mombasa hana, maana maji ya bomba ya mji wa milimani hayahitaji kupozwa kwa barafu: filamu ya Ilford HP5 katika dawa ya D-76 isiyochanganywa na maji, dakika saba na nusu, na kazi imekwisha kabla wali haujaiva.

Kuna watakaouliza faida ya tabu hiyo. Priya Ramrakha, kijana wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1935 na kupiga picha za harakati za uhuru kabla ya kuuawa vitani huko Biafra mwaka 1968, aliacha picha nyingi ambazo baada ya miaka kama arobaini zilikutwa zimehifadhiwa katika gereji mjini humu humu, na ziliposafishwa vumbi na kuinuliwa mbele ya nuru zilikuwa bado zinasema. Hazikuhitaji neno la siri wala programu ya kuzifungua. Sidai kwamba filamu ni bora kwa kila jambo; mwandishi wa habari mwenye saa moja ya kutuma picha angekuwa punguani kuibeba. Lakini kwa anayejaribu lenzi, ambaye jibu lake halina haraka, ucheleweshaji wa filamu humlazimisha kujua anachouliza kabla ya kubonyeza, maana fremu ni 36 tu na kila moja ina bei.

Neno la mwisho ni la hadhari na ununuzi. Ikulu na kambi za jeshi hazipigwi picha, na anayekwenda kupiga miti ya Arboretum, bustani iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribia miti ya kuni za reli, akumbuke kwamba Ikulu ni jirani na kwamba lenzi ya nyuzi 110 huchukua hata usichokikusudia. Katikati ya jiji, soja wa jengo akikuzuia usibishane naye habari za katiba. Mwamkie, mwonyeshe lenzi, na ukikataliwa vuka barabara, kwani ukiwa na lenzi ya namna hii ng'ambo si mbali. Jumapili kati ya saa moja na saa tatu asubuhi ndio wakati wa raha. Na mwenye fedha ya lenzi moja tu asinunue ya 15; anunue ya 20 au ya 21 iliyotumika, aipime kona zote nne kabla ya kulipa, na ile ya 15 aiazime kwa rafiki siku atakapokuwa na ukuta wa kutundika picha yenye upana wa meta moja.